Asilimia Kumi ya Ngara si Asilimia Kumi ya Dar es Salaam

Wananchi wengi wa vijijini hawajawahi kusikia kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, lakini "asilimia kumi" wanaijua. Kifungu hicho kiliingizwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2018. Kinaitaka kila halmashauri itenge sehemu ya kumi ya mapato yake ya ndani iwe mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wanawake wanapata nne, vijana nne, wenye ulemavu mbili. Kanuni zake zilitoka 2019, zikarekebishwa 2021, zikatungwa upya 2024. Kwa maandishi, ni sheria ya uwezeshaji iliyo wazi kuliko nyingi za Afrika Mashariki.

Nadhani sheria hii imechagua watu vizuri ikakosea mahali. Imeacha ukubwa wa msaada utegemee uwezo wa halmashauri yenyewe. Wilaya za Ngara na Biharamulo, kusini mwa Mkoa wa Kagera, zinaonyesha kosa hilo wazi kuliko wilaya nyingi, kwa sababu ziko karibu na mpaka, zina ardhi ya kilimo, zina madini, na bado mfuko wa halmashauri zake ni mdogo.

Kwanza, nani anasaidiwa. Nchi nyingine zimetunga sheria za aina hii kwa kufuata rangi au asili ya mtu. Marekani ilianza mwaka 1969, Rais Nixon alipounda ofisi ya kukuza biashara za watu wa jamii za wachache. Mwaka 1977 Bunge lao likaamuru asilimia 10 ya fedha za miradi ya ujenzi iende kwa kampuni za watu hao. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliikubali sheria hiyo mwaka 1980, kisha mwaka 1989 ikaukataa mpango wa jiji la Richmond uliotaka asilimia 30 ya thamani ya kila kandarasi ipitie kwa wakandarasi wadogo wa jamii hizo. Tangu hapo, kila jimbo au jiji linalotaka kuwasaidia wafanyabiashara wa jamii hizo hulazimika kwanza kuthibitisha kwa ushahidi kwamba walibaguliwa hapo hapo walipo.

Tanzania haikupita njia hiyo. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza kumbagua mtu kwa kabila, mahali alipotoka, dini, rangi, jinsia au hali yake ya maisha. Lakini ibara hiyo hiyo inaiachia Serikali nafasi ya kuchukua hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii, na hatua hizo hazihesabiwi kuwa ubaguzi. Kwa hiyo swali lililowasumbua majaji wa Marekani kwa miongo kadhaa, sisi tulilijibu ndani ya Katiba. Wala hakuna sheria ya Tanzania inayompa Mhangaza au Msubi mkopo kwa kabila lake. Sheria inazungumzia makundi maalum, na mtu huingia humo kwa jinsia, umri au ulemavu. Naona hilo ni jambo la busara, hasa kwa eneo ambalo majirani zake, Rwanda na Burundi, wamelipa gharama kubwa mno kwa kuwahesabu watu kwa asili zao.

Tatizo linaanza kwenye hesabu. Chukua mfano wa namba za kufikirika. Halmashauri ya wilaya ya vijijini inakusanya shilingi bilioni 4 kwa mwaka. Asilimia kumi ni milioni 400. Wanawake wanapata milioni 160, vijana milioni 160, wenye ulemavu milioni 80. Ngara ina kata zaidi ya 20, kwa hiyo fungu la wanawake, likigawanywa sawa, halifiki milioni 8 kwa kata. Fedha hiyo inaweza kununua mashine moja ya kukoboa nafaka, au ikawapa mtaji vikundi viwili vya mama lishe. Sasa chukua jiji linalokusanya bilioni 80. Fungu lake ni bilioni 8, mara ishirini ya lile la kwanza. Je, watu wake ni mara ishirini? Sensa ya 2012 iliikuta Ngara na watu 320,056, na Ilala, ambayo leo ndiyo Jiji la Dar es Salaam, watu 1,220,611. Hiyo ni karibu mara nne tu. Kwa mfano huu, mwanamke wa Ilala anasimama mbele ya mfuko ambao, kwa kila mtu, ni mara tano ya ule wa mwenzake wa Rulenge, wilayani Ngara, ingawa sheria ni moja na asilimia ni ile ile. Na mwenzake wa Rulenge ndiye aliye mbali na benki na hana hati ya kuweka dhamana.

Mapato ya ndani ya wilaya za kilimo hutegemea sana ushuru wa mazao, na ushuru huo hauamuliwi Ngara. Mwaka 2017 Serikali Kuu iliushusha kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na ikawasamehe wanaosafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Ulikuwa uamuzi mzuri. Mkulima wa kahawa na wa maharage alikuwa akisumbuliwa kwenye kila kizuizi cha barabarani, na ilikuwa haki apumzike. Lakini mwaka uliofuata Bunge likaifunga mikopo ya makundi maalum kwenye mapato hayo hayo yaliyokuwa yamepunguzwa. Nafuu aliyopewa mkulima ikapunguza fungu ambalo mke wake angekopa. Sidhani kama kuna aliyekusudia iwe hivyo. Sera mbili njema zilipitishwa kila moja kwa wakati wake na kukutana kwenye daftari la mweka hazina wa halmashauri.

Kabla ya hapo mambo yalikuwaje? Mifuko ya maendeleo ya wanawake na ya vijana ilianza miaka ya mwanzo ya 1990, na halmashauri zikaagizwa kuchangia asilimia tano kwa wanawake na tano kwa vijana. Lilikuwa agizo lisilo na sheria nyuma yake. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ziliendelea kutaja halmashauri ambazo hazikuchangia kabisa au zilichangia kidogo. Watu wenye ulemavu hawakuwamo. Katikati, mwaka 2006, yakaja yaliyoitwa Mabilioni ya JK (Rais Jakaya Kikwete), yaani mikopo ya Serikali kupitia benki, shilingi bilioni moja kwa kila mkoa. Mpango ule ulilaumiwa kwa mengi, na lawama nyingi zilikuwa za haki, kwa sababu waliozoea benki ndio waliofika kwanza. Hata hivyo ulikuwa na jambo moja ambalo sheria ya 2018 haina. Kagera ilipewa bilioni ile ile waliyopewa Dar es Salaam.

Uganda, iliyo jirani na Kagera kwa kaskazini, ilichagua njia hiyo. Mpango wa Maendeleo wa Parokia ulizinduliwa Februari 2022, na unapeleka shilingi za Uganda milioni 100 kwa mwaka kwa kila parokia, iwe ya mjini au ya kijijini, kutoka hazina ya taifa. Una matatizo yake ya orodha na usimamizi, lakini parokia maskini haiadhibiwi kwa kuwa maskini. Kenya ilikwenda mbali zaidi kwenye Katiba yake ya 2010. Ibara ya 204 inaunda Mfuko wa Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Fedha hizo hazikopeshwi mtu, na zimechelewa mno kuwafikia walengwa. Ila Wakenya wamekubali kuandika katika sheria mama kwamba kuna maeneo yanayolidai taifa. Sisi tumeandika kwamba kuna makundi ya watu yanayolidai. Hatujaandika bado kwamba mwanamke wa wilaya ya pembezoni analidai taifa madeni mawili.

Wapo watakaosema kwamba Ngara na Biharamulo zina madini, basi na zisubiri. Hoja hii inahitaji kujibiwa kwa makini. Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, Biharamulo, ulianza uzalishaji mwaka 2005, na mwaka 2013 mwekezaji akaukabidhi kwa shirika la madini la Serikali, STAMICO, ambalo huuendesha kupitia Stamigold. Ngara kuna nikeli ya Kabanga, iliyochunguzwa kwa miongo mingi. Mkataba wa Serikali na mwekezaji ulisainiwa Januari 2021, ikaundwa kampuni ya Tembo Nickel ambayo Serikali inamiliki asilimia 16 ya hisa zake. Sheria inaipa halmashauri ushuru wa huduma, ambao ni sehemu ndogo ya mauzo ya mfanyabiashara aliyeko eneo lake. Mgodi mkubwa ukianza kuuza, ushuru huo unaingia kwenye mapato ya ndani, na sehemu yake ya kumi inakwenda kwa makundi maalum. Geita wanajua mgodi unavyoweza kubadilisha bajeti ya halmashauri.

Lakini ushuru huo hukatwa pale mauzo yanapokuwepo. Kabanga bado haijauza. Miaka yote ya utafiti, tathmini na fidia haiingizi ushuru wa huduma unaolingana na shughuli zinazosubiriwa. Na miaka hiyo ndiyo ya maana kuliko yote. Ni wakati wa mama wa Bugarama, Ngara, kujiandaa kupika chakula cha wafanyakazi, kufuga kuku kwa wingi, kushona sare na kukodisha vyumba. Kanuni za mwaka 2018 za ushiriki wa Watanzania katika sekta ya madini zinawataka wenye migodi wanunue bidhaa na huduma kwa wazawa. Anayeuza mgodini anatakiwa awe amesajiliwa, awe na namba ya mlipakodi, awe na mzigo wa uhakika na mtaji wa kusubiri malipo. Mtaji huo ungetoka kwenye asilimia kumi, na asilimia kumi inasubiri mgodi. Mgodi ukifunguliwa, watakaokuwa tayari ni wafanyabiashara wa Kahama na Mwanza.

Sasa tuje kwa anayekopa. Tuseme ni wanawake watano wa Rulenge wanaotaka kununua maharage wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, wayahifadhi, wauze bei ikipanda au wayavushe kwenda Rwanda kupitia Rusumo. Hiyo ni biashara inayojulikana na haihitaji mtaalamu kuieleza. Wanatakiwa kuandika katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, na andiko la mradi. Wafungue akaunti ya benki. Wasajiliwe na halmashauri. Wapite kwa mtendaji wa kijiji, kisha afisa maendeleo ya jamii wa kata, ombi liingizwe kwenye mfumo wa kielektroniki, kamati ikae, wahakikiwe, wasubiri. Kila hatua ina sababu yake, na nyingine zimewekwa kwa sababu fedha ziliibwa. Ila maharage hayasubiri kamati. Fedha ikitoka miezi miwili baada ya mavuno, wanawake hao watanunua kwa bei ileile waliyokusudia kuuzia. Watashindwa kurejesha, na ripoti itaandika kwamba kikundi hakina uwezo wa kibiashara.

Kwa maoni yangu hapo ndipo marejesho mengi yanapokufa kwa uaminifu wote. Watu hao hao, kwenye vikoba vyao, wanakopeshana kila wiki na kulipana. Kwenye kikoba mkopo unatoka siku unayouhitaji na anayekukopesha unaonana naye kisimani. Na fedha ya halmashauri ikichelewa, pengo linajazwa na kausha damu, yule mkopeshaji asiyetaka andiko la mradi, anayetoa leo na kuanza kudai kesho. Mkopo usio na riba unaokuja baada ya msimu unamrudisha mtu kwenye mkopo wenye riba kubwa kuliko zote.

Kwa watu wenye ulemavu mambo ni magumu zaidi, na hapa sheria ilikosea tangu mwanzo kwa kudhani kwamba kila kundi linaweza kukaa kama kikundi. Wanawake wa kitongoji kimoja wako pamoja tayari. Watu wenye ulemavu wametawanyika, mmoja hapa, mwingine vilima viwili mbele, na nauli ya bodaboda ya kwenda kwenye kikao kwa asiyeona au anayetumia magongo inaweza kula faida ya wiki nzima. Kwa mwenye ualbino ndani ya Kanda ya Ziwa, baada ya mauaji yaliyoanza kushika kasi mwaka 2006 na 2007, safari peke yake kwenda kukutana na watu asiowajua vizuri haikuwa jambo dogo. Kanuni zimelegezwa hatua kwa hatua: idadi ya wanakikundi ilipunguzwa hadi watano, na mtu mwenye ulemavu akaruhusiwa kukopa peke yake pale asipopata kikundi. Naliona hilo kuwa sahihisho bora kuliko yote yaliyofanywa kwenye sheria hii. Linalobaki ni afisa kumfuata mkopaji huyo aliko, kwa sababu fungu la asilimia mbili linaweza kubaki bila waombaji, na likibaki haliwezi kuitwa ushahidi kwamba hakuna wahitaji.

Liko jambo jingine ambalo halimo kwenye kifungu cha 37A, na katika wilaya hizi mbili lina uzito pengine kuliko fedha yenyewe. Mkopaji lazima awe Mtanzania na aweze kuthibitisha hivyo. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 tu, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kambi ya Benaco ikazaliwa. Warundi waliishi kambi ya Lukole, Ngara, hadi ilipofungwa mwaka 2008. Kabla ya hayo yote, watu wa pande mbili za mpaka walioana, walichunga pamoja na kuzikana. Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke, na Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa. Dola ina haki ya kulinda mpaka wake, na silaha na ujambazi vilivyokuwepo havikuwa hadithi. Lakini matokeo yake kwa raia wa kawaida ni kwamba mtu mwenye jina au lafudhi inayofanana na ya ng'ambo anahojiwa zaidi kabla ya kupata kitambulisho cha taifa cha NIDA. Kuna mama aliyezaliwa hapa, na mama yake alizaliwa hapa, na hana karatasi ya kuonyesha hivyo. Asipokuwa na namba ya NIDA, wenzake wanne wanamwacha nje ya kikundi ili ombi lao lisikwame. Sheria iliyokataa kuwahesabu watu kwa asili inajikuta ikifanya hivyo mlangoni, na afisa wa mikopo hana mamlaka ya kuliondoa tatizo hilo.

Aprili 2023 mikopo ilisimama nchi nzima. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kusitishwa kwake baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, Charles Kichere, kuonyesha madeni yasiyorejeshwa na vikundi hewa. Ilichukua zaidi ya mwaka hadi utoaji ukarudi, kwa utaratibu mpya, katika mwaka wa fedha wa 2024/25. Halmashauri 10, zikiwamo majiji ya Dar es Salaam na Dodoma na manispaa za Songea na Kigoma Ujiji, zilichaguliwa kujaribu kutoa mikopo kupitia benki. Nyingine zote zikaendelea kutoa zenyewe kwa kamati na uhakiki mpya. Ngara na Biharamulo ziko kwenye kundi hili la pili.

Kusitisha kulikuwa na sababu. Kikundi hewa hakianzishwi na mama wa Rulenge. Kinahitaji mtu mwenye kalamu ndani ya ofisi. Lakini adhabu ilimwangukia mkopaji mwaminifu aliyekuwa akirejesha ili apate awamu ya pili. Marejesho haya ni uti wa mgongo wa mfuko wa wilaya ndogo. Jiji linaweza kupoteza milioni 400 na kuendelea, kwa sababu mwaka ujao litatenga bilioni nyingine. Wilaya yenye milioni 400 kwa mwaka inategemea fedha irudi na kuzunguka. Mkopo unaopotea Ngara unafunga kabisa mlango kwa kikundi kinachofuata.

Je, ifanyike nini? Bunge linaweza kubakiza asilimia kumi ya kila halmashauri na kuongeza fungu la kusawazisha kutoka hazina, likigawanywa kwa idadi ya watu na kiwango cha umaskini, ili halmashauri yenye makusanyo madogo isianzie chini. Hilo litapingwa na watakaosema halmashauri zitabweteka katika kukusanya. Jibu ni kufunga fungu hilo kwenye marejesho: anayerejesha vizuri aongezewe. TAMISEMI, inayosimamia halmashauri, inaweza kuruhusu kalenda ya mikopo ifuate misimu ya eneo, maana Ngara ina misimu miwili ya maharage na wilaya nyingine hazina.

Lakini lipo linaloweza kufanyika bila kusubiri Dodoma. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, kama ile ya 2011 ilivyorekebishwa mwaka 2016, inazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalum. Halmashauri ya Ngara inanunua madawati, chakula cha wanafunzi wa bweni na huduma za usafi. Kikwazo cha kikundi kupata zabuni hiyo, ukiacha kujisajili kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, ni mtaji wa kutekeleza kazi na kuvumilia malipo yanayochelewa. Halmashauri inayotoa zabuni kwa mkono mmoja ndiyo inayotoa mkopo kwa mkono mwingine, na idara hizo mbili mara nyingi ziko kwenye jengo moja. Kikundi kikipewa hati ya ununuzi ya kupeleka maharage shuleni, hati hiyo itoshe kuwa andiko la mradi, mkopo utoke wiki hiyo hiyo, na mweka hazina akate marejesho anapolipa mzigo. Kwa kikundi cha namna hiyo, afisa wa mikopo hatahitaji kumkimbiza mtu yeyote kilimani kudai deni.